Akiba Nayo Huoza: Kumbukumbu za Chumba cha Seva

Seva, yaani kompyuta iliyotengwa kuzihudumia kompyuta nyingine, inaweza kuwa na prosesa nyingi, diski zilizopangwa ili moja ikifa nyingine ziendelee na kazi, na hata vifaa viwili vya kuipatia umeme, lakini uhai wake wote mbele ya watumiaji ukabaki kuning'inia kwenye kebo moja ya nyuzi nane za shaba, iliyochomekwa katika tundu lisilozidi upana wa kidole gumba. Kebo hiyo ikichomoka, au kadi ya mtandao inayoipokea ikiungua, seva huendelea kufanya kazi ndani kwa ndani kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali kwa karani anayesubiri risiti ichapishwe, na kwa mteja aliyesimama mbele ya dirisha la karani huyo, seva haipo. Udhaifu huo ndio uliozaa desturi ya kuipa seva kadi mbili au zaidi na kuzifunga pamoja, ili moja ikianguka nyingine ipokee kazi. Makala haya yanaieleza desturi hiyo, namna inavyofanya kazi na namna inavyoshindwa, kwa kutegemea kumbukumbu za mwandishi wake, aliyekuwa msimamizi wa seva kwa miaka mingi jijini Dar es Salaam. Na hoja inayoyaongoza ni kwamba kadi ya pili hailindi chochote mpaka ithibitishwe, tena mara kwa mara, kuwa inaweza kuubeba mzigo peke yake.

Neno linalotumika vitabuni kwa sehemu ya kompyuta inayokutana na mtandao ni kiolesura, na mafundi wengi huiita kadi ya mtandao tu, ingawa kadi moja huweza kuwa na matundu mawili au manne, kila moja likiwa kiolesura kinachojitegemea. Kufunga violesura pamoja ni kuufanya mfumo endeshi wa seva uvihesabu viwili au zaidi kuwa kimoja. Huundwa kiolesura cha kufikirika, ambacho katika mfumo wa Linux kwa kawaida hupewa jina la bond0 na ambacho mafundi hukiita bondi, kisha anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha seva kwenye mtandao, huwekwa juu ya bondi hiyo badala ya kuwekwa juu ya kadi yoyote mojawapo. Programu zinazoendeshwa ndani ya seva huiona bondi peke yake na hazina habari ya idadi ya kadi zilizo chini yake, kama vile abiria aliyeketi ndani ya basi asivyolazimika kujua ni tairi lipi limebadilishwa kituoni.

Asili ya mbinu hii haikuwa usalama bali kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza swichi, yaani vifaa vinavyoziunganisha kompyuta za mtandao mmoja, ilibuni njia ya kuzichukua kebo kadhaa kati ya swichi mbili na kuzitumia kama kebo moja pana, na njia hiyo, iliyojulikana kwa jina la EtherChannel, ikawa mali ya Cisco baada ya Kalpana kununuliwa mwaka 1994. Mwaka huohuo Thomas Sterling na Donald Becker, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha Goddard cha NASA, walijenga kundi la kompyuta 16 za bei nafuu walilolipa jina la Beowulf, na kwa kuwa prosesa za kompyuta hizo zilikuwa na kasi kuliko Ethernet moja ya wakati ule, kila kompyuta ilipewa njia zaidi ya moja zilizofungwa pamoja. Programu ya Linux ya kufunga kadi ina mizizi yake katika kazi hiyo ya Becker. Mwaka 2000 taasisi ya IEEE ilitoa kiwango cha 802.3ad, ambacho mwaka 2008 kilihamishiwa katika kiwango cha 802.1AX, na kwa kiwango hicho swichi na seva za watengenezaji tofauti ziliweza kupatana kuhusu kebo zipi zihesabiwe kuwa moja. Historia hii ina maana kwa mambo yatakayofuata, kwa sababu makosa mengi ambayo mwandishi aliyafanya au aliyashuhudia yalitokana na kuchanganya haja mbili, haja ya kasi na haja ya akiba, zilizozaliwa katika nyumba moja lakini zisizotaka kitu kilekile.

Programu hiyo ya Linux ina namna saba za kuzipanga kadi, na mbili kati yake ndizo zinazokutwa zaidi kazini. Ya kwanza ni ya zamu, ambamo kadi moja hubeba mzigo wote na nyingine hukaa akiba ikisubiri. Ya pili ni ya makubaliano, ambamo kadi zote hubeba mzigo kwa pamoja, huku seva na swichi zikitumiana ujumbe mfupi wa itifaki ya LACP ili kila upande uthibitishe kwamba mwenzake bado yupo. Katika namna ya zamu, mfumo huikagua hali ya kila kadi baada ya muda uliopangwa, na mafundi wengi huchagua milisekunde 100, yaani mara kumi kwa kila sekunde. Ukaguzi ukionyesha kwamba kadi iliyo kazini imepoteza mawasiliano ya umeme na swichi, bondi huihamishia kazi kadi ya akiba, kisha hutoa tangazo la itifaki ya ARP ambalo halikuombwa na yeyote, ili swichi zijifunze kwamba anwani ya MAC ya seva, yaani namba ya utambulisho ya kadi inayotumiwa na bondi nzima, sasa inapatikana kwenye tundu jingine. Mambo yakienda sawa, kazi hiyo yote huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na mtumiaji hahisi chochote.

Funzo la kwanza mwandishi alilipata katika taasisi moja iliyopokea malipo ya wananchi madirishani. Akiwa bado kijana katika kazi hiyo, alipewa seva mpya yenye kadi moja ya matundu manne, akayafunga pamoja matundu mawili yaliyo jirani, akazipeleka kebo zote mbili katika swichi moja, tundu la 11 na tundu la 12, kwa sababu ndivyo zilivyopendeza macho zikiwa zimelala sambamba, kisha akaandika katika ripoti yake kwamba mtandao wa seva sasa una akiba. Wiki chache baadaye, siku ya Jumatatu saa tatu asubuhi, umeme ulikatika, jenereta ikawaka, na katika mshtuko wa kupokezana huko kifaa cha umeme cha swichi ile kiliungua. Taa za tundu la 11 na la 12 zilizimika kwa pamoja. Foleni ilitoka madirishani ikafika barazani, na ilibaki hivyo mpaka alasiri, fundi aliyetumwa Kariakoo aliporudi na swichi nyingine kwapani. Ripoti ile haikuwa na neno la uongo hata moja, na haikuwa na manufaa yoyote.

Methali isemayo kamba hukatikia pabovu inalieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya ufundi, kwa kuwa kuongeza unene wa kamba pale ilipo nzima hakubadilishi mahali itakapokatikia. Kadi mbili zinapokuwa ndani ya kipande kimoja cha kielektroniki, kipande hicho ndicho pabovu. Zinapotenganishwa lakini zikaishia katika swichi moja, swichi ndiyo pabovu. Na zinapokwenda katika swichi mbili zinazokula umeme kutoka ekstensheni moja iliyolala sakafuni nyuma ya kabati, basi uhai wa taasisi nzima uko chini ya mguu wa mtu anayepita na ufagio. Baada ya Jumatatu ile mwandishi alijizoeza kuchukua karatasi na kuichora kila njia kuanzia ubao mama wa seva, kupitia kadi, kebo, mfereji wa kebo, swichi, UPS na saketi breka, mpaka njia zote mbili zilipokutana, na mahali pa kwanza zilipokutana alipazungushia duara. Duara hilo halikosekani, kwani hata seva yenyewe ni moja. Ila fundi aliyelichora anajua anachokilinda na asichokilinda, na anaweza kuwaeleza wakuu wake kwa lugha ya kweli.

Ukanda wa Afrika Mashariki umelisoma somo hilohilo kwa kipimo cha bahari. Kebo za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilipoanza kazi mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010, pwani iliyokuwa ikitegemea satelaiti ilijipatia njia kadhaa kwa mara moja. Mwezi Februari 2012 nanga ya meli iliikata kebo ya TEAMS karibu na Mombasa, na njia nyingine zikasaidia kuubeba mzigo wake, jambo lililoonyesha faida ya kuwa na zaidi ya moja. Lakini tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania na nchi jirani wakaona intaneti ikizorota au kutoweka kabisa. Kebo hizo ni za kampuni tofauti na zina majina tofauti, ila zinapita katika bahari ileile na zote zinafika katika mji mdogo wa Mtunzini nchini Afrika Kusini. Anayezihesabu kwa majina anapata mbili. Anayezifuata kwenye ramani anaona sehemu ambazo njia hizo ni kama njia moja. Tundu la 11 na tundu la 12 yalikuwa hivyo hivyo.

Funzo la pili lilichelewa zaidi, na ndilo lililoacha alama kubwa. Katika taasisi ileile kila kitu kilikuwa kimepangwa upya: kadi mbili zilizo mbalimbali ndani ya seva, swichi mbili, UPS mbili, kebo za rangi mbili ili jicho lisikosee. Mpango huo ulifanya kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja bila malalamiko. Ndipo ulipofika wakati wa kusasisha programu ya swichi ya kwanza, na mwandishi akauhakikishia uongozi kwamba huduma haitasimama hata kwa dakika moja, kwa kuwa swichi ya pili itapokea. Jumamosi alasiri swichi ya kwanza ilizimwa, na seva ikatoweka. Ilipofuatwa kebo ya akiba kutoka kwenye kadi, nyuma ya kabati, hadi ilipopaswa kuingia katika swichi ya pili, ilikutwa inaning'inia hewani, kichwa chake kimeshika vumbi na kijipini cha plastiki cha kukishikilia tunduni kimevunjika. Na katika tundu lake palikuwa na kebo nyingine, iliyokwenda kwenye mashine ya kurekodia picha za kamera za ulinzi. Mtu alihitaji tundu, akaona taa ya tundu lile haina shughuli nyingi, akalichukua. Hakuna aliyeweza kusema ni lini, kwa sababu kumbukumbu za mfumo za miezi ya nyuma zilikwisha kufutwa zenyewe.

Jambo la kutafakari ni kwamba habari yote ilikuwepo. Linux huweka faili dogo kwa kila bondi, na anayelifungua huonyeshwa ni kadi ipi iliyo kazini, ni ipi iliyo hai na ipi iliyokufa, na kila moja imewahi kupoteza mawasiliano mara ngapi. Kwa muda usiojulikana faili hilo lilikuwa likisema kwamba kadi ya akiba imekufa, na hakuna aliyelifungua, kwa kuwa hakuna mtumiaji aliyelalamika. Hapa ndipo methali nyingine, ile isemayo akiba haiozi, inapohitaji tahadhari. Fedha iliyowekwa huwa pale ilipowekwa, lakini akiba ya mitambo hufanana zaidi na mahindi ya ghalani, ambayo fukusi huyala kutoka ndani huku gunia likiwa limesimama wima. Kadi iliyo kazini ikifa, mia moja watapiga simu. Kadi ya akiba ikifa, nyumba nzima hubaki kimya, na ukimya huo hauna tofauti na ukimya wa mambo kuwa shwari. Mfumo uliojengwa ili kuuficha ubovu kwa watumiaji huuficha pia kwa msimamizi wake, na kwa hiyo kila bondi inayowekwa inadai kitu cha pili, yaani jicho linalosoma hali ya kila kadi kwa zamu fupi na kupiga kelele mara moja kadi ya akiba inapokufa, kwa ukali uleule ambao lingetumia kama huduma yenyewe ingesimama.

Hata hivyo, kusoma hali ya kadi hakutoshi, na funzo la tatu ndilo lililobainisha hivyo. Katika jengo moja la ghorofa kadhaa, mafundi wa viyoyozi walitoboa ukuta na kuikata kebo iliyoiunganisha swichi ya chumba cha seva na swichi kuu ya jengo. Swichi ya chumba cha seva ilibaki nzima, taa ya tundu la seva ikawaka kijani kama kawaida, na bondi, ambayo ilifundishwa kuangalia tu kama kuna mawasiliano ya umeme kati ya kadi na swichi iliyo mbele yake, iliridhika na kuendelea kutuma pakiti za data katika njia isiyokuwa na mwisho. Kadi ya akiba ilikuwa na njia yake tofauti, iliyo nzima hadi kwa watumiaji, na haikuitwa. Taa ya kijani ilikuwa ikijibu swali ambalo ni jembamba kuliko lile lililoulizwa na watu: ilithibitisha kwamba upande wa pili wa kebo kuna kifaa kilicho hai, na watu walitaka kujua kama ujumbe unafika.

Kwa ajili ya hali hiyo bondi inaweza kufundishwa kuuliza swali pana zaidi. Badala ya kutazama umeme, hutuma kila baada ya muda, tuseme sekunde moja, hoja ya ARP kwa kifaa kilichochaguliwa, ambacho mara nyingi ni rauta ya kutokea nje, na jibu lisiporudi, kadi huhesabiwa kuwa imeanguka hata kama taa yake inawaka. Ulinzi huu una masharti yake. Hautumiki pamoja na ukaguzi wa umeme katika bondi moja, na haufai kwa namna ya makubaliano, ambayo hutegemea ujumbe wa LACP kujua kama mwenzake wa moja kwa moja yupo. Kifaa cha kuulizwa nacho kisiwe kimoja tu, kwa sababu kikizimwa kwa matengenezo, kadi zote mbili zitaonekana zimekufa na bondi itahangaika ikirukaruka kati ya kadi mbili zilizo nzima. Programu inaruhusu kutaja hadi vifaa 16, na viwili au vitatu vilivyo katika sehemu tofauti za mtandao vinatosha kwa taasisi nyingi. Wale wenye namna ya makubaliano wanapaswa kujua pia kwamba ujumbe wa LACP unaweza kutumwa kila baada ya sekunde 30 au kila sekunde moja, na kwamba upande wa pili huhesabiwa kuwa umetoweka baada ya ujumbe huo kukosekana mara tatu, kwa hiyo tofauti kati ya chaguo moja na jingine ni tofauti ya sekunde tatu na dakika moja na nusu za mtu kusubiri dirishani.

Funzo la nne lilirudi kwenye ule mchanganyiko wa kasi na akiba. Mwandishi aliwahi kufunga kadi mbili za gigabiti moja kwa namna ya makubaliano, akatarajia kwamba nakala ya usiku ya terabaiti moja, iliyokuwa ikichukua takriban saa mbili na nusu, sasa itachukua nusu ya muda huo. Muda haukupungua hata dakika moja. Sababu yake ni kwamba pakiti za mazungumzo mamoja kati ya kompyuta mbili hupitishwa katika kadi moja tu, kwa kuwa zikigawanywa kati ya kadi mbili zinaweza kufika zikiwa zimepitana, na itifaki ya TCP huweza kuzihesabu zilizochelewa kuwa zimepotea na kuomba zitumwe tena. Kadi ya kutumia huchaguliwa kwa hesabu inayofanywa juu ya anwani za watumaji na wapokeaji, na ikiwa hesabu hiyo inatazama anwani za MAC peke yake, basi watumiaji wote walio nyuma ya rauta moja huonekana kuwa mtu mmoja, na kadi ya pili hukaa bure. Kuiongezea hesabu hiyo anwani za IP na namba za programu husaidia pale penye mazungumzo mengi, ila mazungumzo mamoja hubaki na kadi moja.

Somo lililokuwa zito zaidi lilikuja baada ya mgawanyo huo kurekebishwa. Watumiaji waliongezeka, na mzigo wa mchana ukapanda polepole mpaka ukapita kile ambacho kadi moja inaweza kubeba. Vipimo vya kila kadi vilionyesha nafasi bado ipo, na wote waliridhika, mpaka siku kebo moja iliposhindwa na kadi iliyobaki ikazidiwa, huduma ikawa ya kusuasua kiasi kwamba watumiaji waliona afadhali ingezimika kabisa. Akiba ilikuwa imeliwa kidogo kidogo na matumizi ya kila siku, bila mtu yeyote kuamua kuila. Tangu hapo mwandishi alishika kanuni kwamba mahali penye kadi mbili, jumla ya mzigo wa saa za shughuli nyingi isizidi uwezo wa kadi moja, na ikikaribia hapo, fedha ya kadi yenye kasi zaidi iombwe kabla ya hitilafu kuja kuiomba.

Mafundi wengi huiogopa saa ya kuanguka, lakini kumbukumbu zinaonyesha kwamba saa ya kurudi nayo huvunja mengi. Ili mtandao wenye njia nyingi usizungushe pakiti zilezile bila mwisho, swichi nyingi hutumia itifaki ya mti iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, na katika toleo lake la asili tundu lililowashwa husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde nyingine 15 kabla ya kuanza kupitisha data. Katika sekunde hizo 30 taa inawaka na njia imefungwa. Mwandishi alishuhudia swichi yenye ubovu ikijizima na kujiwasha yenyewe mchana mmoja, na kila ilipowaka bondi iliyoagizwa kuipendelea kadi ya kwanza iliirudia mara moja, ikaiacha kadi ya akiba iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, na ikatumbukiza data katika tundu lililokuwa bado linajifunza. Kuanguka kwa swichi hakukuwa kumemsumbua mtu. Kurudi kwake ndiko kulikowasumbua wote, kila baada ya dakika chache.

Tiba zipo na ni rahisi. Tundu la swichi linalokwenda kwa seva linaweza kutambulishwa kwa swichi kuwa ni mwisho wa njia, ili lisipitie kipindi hicho cha kusubiri; bondi inaweza kuagizwa isubiri muda fulani baada ya taa kuwaka kabla ya kuiamini kadi iliyorudi; na lililo bora zaidi kwa seva nyingi ni kuiagiza bondi ibaki na kadi iliyo kazini mpaka nayo ianguke, kwa kuwa kadi mbili zilizo sawa hazina sababu ya kupendelewa. Mgonjwa aliyetoka kitandani leo hapewi jembe leo hiihii, na kifaa kilichotoka kuanguka kinastahili muda uleule wa kutazamwa.

Mafunzo yote hayo yaliishia katika utaratibu mmoja, ambao mwandishi aliufuata kwa miaka iliyobaki ya kazi yake, nao ni kuichomoa kebo kwa makusudi. Mara moja kila miezi mitatu, kompyuta ya pembeni iliwekwa iipigie seva mwito kila sekunde na kuhesabu majibu yaliyokosekana. Kwanza lilifunguliwa faili la bondi ili kuhakikisha kwamba kadi zote ziko hai, kwa maana kuichomoa iliyo hai wakati mwenzake amekufa ni kujitafutia balaa. Kisha kebo ya kadi iliyo kazini ilichomolewa, majibu yakahesabiwa, programu za watumiaji zikajaribiwa, kebo ikarudishwa, na dakika tano zikapita bila mtu kugusa kitu ili athari za kurudi zionekane. Baada ya hapo kebo ya pili ilichomolewa vivyo hivyo, na mwishoni swichi nzima ikazimwa umeme, kwani kebo iliyochomoka na swichi iliyokufa ni misiba miwili tofauti. Kila kitu kiliandikwa katika daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mlango wa kabati: tarehe, kebo, majibu yaliyokosekana, jina la aliyechomoa.

Wakuu wa taasisi hawakuupenda utaratibu huo mwanzoni, na hofu yao ilikuwa na msingi, maana ni vigumu kumweleza mtu anayewajibika kwa huduma kwamba huduma nzima itaguswa ili kuilinda. Jibu ambalo mwandishi alilitoa kila mara ni kwamba kebo itachomoka tu, na kilicho mikononi mwa taasisi ni kuchagua kama itachomoka Jumamosi alasiri fundi akiwa ameishika mkononi, au Jumatatu saa tatu asubuhi fundi akiwa kwenye daladala. Miaka ilipopita na daftari likajaa mistari iliyonyooka, ruhusa ilitolewa kufanya jaribio siku ya kazi, madirisha yakiwa wazi.

Siku hiyo kazi alipewa fundi kijana, ambaye ndiye angerithi funguo za chumba. Alikaa nyuma ya kabati akiwa ameishika kebo ya bluu kwa vidole viwili, akauliza, "Mzee, nichomoe?" akajibiwa achomoe, na kijipini cha plastiki kikatoa mlio wake mdogo. Taa moja ilizimika na nyingine ikaanza kupepesa haraka. Kwenye kompyuta ya pembeni jibu moja lilikosekana, kisha namba zikaendelea kupanda. Na kupitia mlango ulioachwa wazi ilisikika printa ya dirisha la nne ikitoa risiti, kisha nyingine. Kijana aliandika mstari wake katika daftari na kutia sahihi, na kabla ya kulifunga, kama alivyofundishwa, aliandika katika mstari wa chini yake tarehe ya kuchomoa tena.